Jumamosi ya King'ora

Kila Jumamosi asubuhi, kambi ya ndege za kivita iliyo nyuma ya mtaa ilipiga king'ora cha majaribio, na watu walikuwa wamekizoea kama kikohozi cha babu wa nyumbani. Kilipolia siku ile, dobi hakuinua hata macho kutoka kwenye pasi. Adui aliyechagua saa hiyo hiyo kuwashambulia alikuwa anawajua vizuri, laana imshukie alipo.

Aliyeshtuka ni mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, aliyehamia kwao juzijuzi tu. Binti wa watu alijitupa chini ya meza.

"Mama, njoo huku!"

Dobi alicheka mpaka akashika mbavu. "Toka huko, bibi harusi! Hayo ni majaribio tu. Ukijificha kila wiki, mashuka ya watu ataanua nani? Panda juu kabla mvua haijatuumbua."

Msichana akatoka, uso umemwiva kwa aibu, akachukua beseni na kupanda ngazi za kwenda kwenye paa. Hakubisha hata neno moja. Hilo ndilo linalomkereketa dobi mpaka leo: angekuwa mkaidi kidogo tu, angekuwa hai.

Ndege za adui zilifika king'ora kingali kinalia. Bomu moja lililokusudiwa kambi likaangukia paa lao. Dobi alitolewa kwenye kifusi chini ya meza ile ile, alikojitupa aliposikia ngurumo, ana mkwaruzo shavuni.

Jioni redio ikatangaza kwamba nchi imeingia vitani. Mwanawe, fundi majokofu ambaye hata panya alikuwa akimwonea huruma, alitoka makaburini akaenda moja kwa moja kujiandikisha jeshini. Alisema anawafuata waliomuulia mke.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kuaga. Dobi alimtazama akiinama kufunga viatu vya jeshi, na neno lile lilikuwa limemkaa kooni tangu mazishi. Akilisema, huenda kijana atamchukia yeye, lakini abaki. Akinyamaza, mtoto anakwenda kufa akidhani maadui wote wako ng'ambo ya mpaka.

"Ni mimi niliyempeleka juu," akasema. "Alikuwa amejificha, baba. Nikamcheka. Nikamtoa."

Mikono ya kijana ikasita kwenye kamba za viatu. Dobi alingoja matusi. Alingoja hata kofi. Angelipokea kwa shukrani.

"Hata mimi ningemcheka, mama," kijana akasema mwishowe, bila kumtazama. "Mtaa mzima ungemcheka."

Akamaliza kufunga viatu, akatupia mfuko begani, akatoka. Hakuomba baraka za mzazi kama anavyoomba mtu anayekwenda safari ya hatari. Dobi alikuwa nazo tele kifuani, akamwacha afike barabarani, akamwacha apinde kona, kwa kuwa hakujua tena kama baraka zake zinamfaa mtu yeyote.