Wa Kukaa Katikati

"Weka huo mchi chini, Mama Kyengo, tuongee."

Syombua hakuuweka. Alikuwa ameshaanza kutwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa maganda, na kazi ya muthokoi haina adabu ya kungoja wageni. Mahindi yakishanyunyiziwa maji ni lazima yatwangwe hapo hapo, maganda yatoke yakiwa laini, la sivyo yanakauka na unaanza upya. Mchi ukapanda, ukashuka. Ndanu, mke wa pasta, alisimama langoni akingoja kukaribishwa, akangoja sana, mwisho akajikaribisha mwenyewe.

Ilikuwa zaidi ya mwaka tangu mwanamke yeyote wa kikundi cha akina mama wa kanisa akanyage ua ule. Ngoliba si Githurai, ambako watu wanapigana vikumbo asubuhi hadi jioni bila kujuana. Huku jirani akikupita bila salamu, hata mbwa wako anajua kuna jambo.

"Nimekuja kwa amani," Ndanu alisema.

"Amani? Hiyo imepotea njia. Haijapita hapa siku nyingi."

Ndanu aliuma midomo. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutangaza, na sauti hiyo ndiyo iliyomtangaza Syombua mbele ya kanisa zima. Kosa lenyewe lilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Mama mzazi wa Kaloki, jirani yao, alirudishwa nyumbani na hospitali kwa kuwa hakukuwa na la kufanya tena. Bibi huyo aliomba kitu kimoja, apigiwe kilumi, ngoma ambayo mama zao walimpigia mtu aliyeshikwa na maradhi au taabu isiyoeleweka. Syombua alikuwa na ngoma ya nyanya yake, akaenda, akapiga, bibi akalala usingizi ambao hakuwa ameuona kwa majuma. Baadaye alikufa akiwa ametulia. Kanisa halikuuliza kama alitulia. Liliuliza nani alipiga, na Jumapili iliyofuata Ndanu, mwenyekiti wa akina mama, akasimama akasema kwamba Syombua amerudia mambo ya giza, kwa hiyo ametengwa na Meza ya Bwana na ametolewa kikundini.

Tangu siku hiyo alikaa benchi la mlangoni. Mkate ulipita, kikombe kikapita, yeye akatazama. Wenzake wengine waliotengwa walihamia makanisa mengine, maana siku hizi makanisa ni mengi kuliko visima. Syombua hakuhama. Alibatizwa pale, akaolewa pale, akamzika mumewe pale. Alitaka kurudi Mezani, na alitaka kurudi bila kusema uongo.

"Watu wa ruzuku wanakuja Jumanne," Ndanu alisema. "Ile ya sanaa ya mashambani. Tumepita mchujo wa kwanza. Tukipata tunajenga ukumbi, tunanunua sare, tunafundisha wasichana. Sasa wanataka kuona kilumi."

Mchi ulisimama hewani.

"Wanataka kuona nini?"

"Usinifanye niseme mara mbili."

Syombua alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Si mlisema ni ya shetani?"

"Ile ilikuwa ya shetani. Hii ni utamaduni."

"Ngoma ni ile ile. Mikono ni hii hii."

"Tofauti ni kwamba sasa hakuna mgonjwa. Ni maonyesho." Ndanu alikung'uta vumbi kwenye sketi. "Lakini kuna kitu kimoja. Katiba yetu inasema mwanachama lazima awe anashiriki Meza. Kwa hivyo tumepanga vizuri. Jumapili unasimama mbele, unatubu juu ya ngoma, tunakupokea. Jumanne unapiga ngoma."

Hapo hata kuku walionekana kushangaa. Syombua alimtazama mwanamke huyu usoni akitafuta kama kuna aibu mahali popote, akakosa.

"Na Jumapili ya baada ya hapo?"

"Hiyo tutaona ikifika."

"Nani aliwaambia hao watu juu ya ngoma yangu?"

"Muulize mke wa mwanao," Ndanu alisema, akaondoka bila kwaheri.

Mke wa mwanawe alikuwa Wilkister, msichana wa Busia aliyeolewa na Kyengo, wakaishi Mwihoko katika nyumba ya kupanga. Kyengo alifanya kazi ya shifti kiwandani Ruiru, na Wilkister alikuwa na kijiduka cha fotokopi ambacho pia kiliwaandikia watu barua za kazi na maombi ya kila aina. Syombua alimpigia simu mikono ikiwa bado na unga wa maganda.

"Ni wewe umeuza ngoma yangu?"

"Mama, hebu niskize kwanza."

"Nasikiza."

"Mama Pastor alikuja mwenyewe hapa dukani, akasema nimtafutie grant ya kikundi. Nimetafuta, Mama, mpaka macho ikauma. Karibu zote ni za watu wa Nairobi. Wengine wanataka website, wengine wanataka uwe na ofisi, wengine deadline imepita. Nikapata hii moja, ya vijiji pekee. Na hawataki kwaya, kwaya ziko kila mahali. Wanataka kitu yenye watu wa hapo tu ndio wanayo."

"Kwa hivyo ukaandika kilumi."

"Nikaandika kilumi. Nikaweka ile picha yako ukiwa na ngoma. Mama Pastor akasoma, akanyamaza, akasign."

"Bila kuniuliza mimi."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Si ni yangu?"

Mashine ya fotokopi ilisikika ikikoroma nyuma ya Wilkister. "Walikutupa, Mama," alisema. "Nilitaka wafike mahali wanakuhitaji. Nilidhani watakuja wakiomba msamaha."

"Huwajui."

Syombua alikata simu. Alikuwa na hasira, na iliyomchoma zaidi ni kwamba hakupata mahali pa kuitua. Msichana alikuwa amempenda, lakini kwa kupitia mlango wa nyuma. Alirudi kwenye kinu akatwanga mpaka punje zikaanza kuvunjika, jambo ambalo mtwangaji wa muthokoi hapaswi kulifanya hata akichokozwa vipi.

Jumapili alivaa gauni lake la bluu akaenda. Kanisa lilikuwa limejaa, kwa sababu habari ya toba huvuta watu kuliko habari ya mahubiri. Pasta alisema dada yetu ana neno, na Syombua akatembea kutoka mlangoni hadi mbele. Akina mama wa kikundi walikaa safu ya kwanza na leso zao nyeupe kichwani, tayari kumpokea. Mama Muema, ambaye naye jina lake ni Syombua, alikuwa hata ameshaanza kupangusa machozi. Yeye hulia mapema ili asichelewe. Walimwita Syombua Mdogo, kumtofautisha.

"Nilipiga kilumi," Syombua alisema. "Mama Kaloki alikuwa anaumwa, akaniomba. Alinishika mkono hivi. Namwogopa Mungu, na nimemwomba miezi hii yote anionyeshe kosa langu liko wapi. Hajanionyesha. Nikisema natubu, nitakuwa nimewadanganya nyinyi na yeye pia. Nawaomba mnirudishe Mezani nikiwa hivi nilivyo."

Hakuna aliyesema amina. Minong'ono ilianzia nyuma ikaja mbele, na mzee mmoja wa kanisa akapiga kelele kwamba hicho ni kiburi. Pasta alitazama dirishani. Ndanu ndiye aliyesimama.

"Rudi ukae," alisema.

Syombua alirudi benchi la mlangoni. Mkate ukapita.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini jioni ile ile Ndanu alikuwa tena langoni, na safari hii hakungoja kukaribishwa.

"Umenitia aibu mbele ya watu," alisema.

"Tumelipana."

"Katiba tutaifumbia macho. Njoo upige Jumanne. Usipokuja, hawa akina mama wote wanakosa kwa sababu yako, na sitachoka kuwakumbusha."

Syombua alifikiri. Alimchukia mwanamke huyu, alimchukia waziwazi mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Hakujua kwamba angeweza kumchukia mtu hivyo akiwa bado na Biblia mkononi.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nitapiga inavyopigwa. Siwezi kuipiga vingine."

"Piga unavyotaka, mradi usikike."

Jumanne walikusanyika kwenye uwanja ulio nyuma ya kinu cha kusaga unga. Mgeni alifika kwa gari dogo jeupe kutoka Thika, mwanamke kijana aliyeitwa Akello, mpole, mwenye viatu vya raba na simu ya kupigia picha. Wilkister alikuwa naye. Alimsalimu mama mkwe wake kwa mikono miwili akiinamisha kichwa, na Syombua akampa mkono mmoja.

Ngoma ilikuwa imelazwa juani tangu asubuhi ngozi ikaze. Syombua aliigonga kwa kidole, akasikiliza, akaridhika. Akaketi, akaibana kwa magoti. Akina mama walijipanga mviringo na leso zao nyeupe, wakasimama wakitabasamu kama watu wanaopigwa picha ya harusi.

Syombua hakupiga.

"Tuko tayari," Ndanu alisema.

"Hamko tayari. Nani anakaa katikati?"

"Katikati wapi?"

"Kilumi hakipigiwi hewa. Anawekwa mtu hapa, mtu mwenye taabu. Aseme anaumwa wapi, ndipo ngoma ijue inaenda wapi. Ikimfika, mabega hushtuka yenyewe."

Akello alisogea, macho yakimng'aa. "Kuna shida?"

"Hakuna, madam," Ndanu alisema haraka. Akageuka. "Mama Muema, kaa hapo."

Syombua Mdogo alirudi nyuma hatua nzima. "Mimi?"

"Ni maonyesho tu. Kaa."

"Nikae leo, halafu Jumapili usimame useme jina langu?" Alisema kwa sauti, wala hakujali mgeni. "Mimi nina watoto wa kubatizwa. Muulize mwingine."

Ndanu akamtazama mwingine. Huyo akatazama miguu yake. Akamtazama wa tatu, wa tatu akasema anaumwa mgongo, na alipogundua kwamba kuumwa ndiyo sifa hasa inayotafutwa, akasema umepona. Mtu mmoja akacheka akakohoa. Mviringo ukaanza kupanuka wenyewe, kila mmoja akirudi kidogo kidogo, mpaka katikati pakawa peupe na papana, na stuli moja ya mbao pale, tupu.

Hakuna aliyemwogopa Mungu wakati ule. Waliogopa sauti ya mwanamke mmoja, na mwanamke huyo, Ndanu, alikuwa amesimama mbele yao akiliona hilo. Syombua alimwona akiona. Alikuwa ameingoja saa hiyo bila kujua kwamba anaingoja, na ilipofika haikuwa tamu alivyodhani.

Akello alitazama saa yake kwa adabu. "Tunaweza kuja siku nyingine," alisema, kwa sauti ya watu ambao hawaji siku nyingine.

Ndanu alitembea hadi kwenye stuli akaketi. Aliketi wima, miguu pamoja, mkoba mweusi juu ya mapaja, kama aliyekuja kumwona daktari asiyemwamini.

"Piga," alisema.

"Unaumwa wapi?"

"Piga, Syombua."

"Siwezi. Useme kwanza."

"Niseme nini? Kichwa. Kichwa kinauma."

"Uongo," Syombua alisema. "Ngoma hii nimeirithi, sikuinunua sokoni. Unaumwa wapi?"

Wilkister alishika mdomo. Akello alishusha simu. Ndanu alipozungumza, sauti yake ya kutangaza ilikuwa imekwisha, akasema kwa sauti nyingine ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Ni wewe," alisema. "Wewe ndiye unayeniuma. Kila Jumapili nikigeuka nakuona pale mlangoni. Ungehama, ningesahau. Ungelia, ningekusamehe. Unakaa tu unanitazama. Nikifumba macho kuomba nakuona. Usiku silali. Nakuchukia, Syombua, na sijui nitafanya nini na hii chuki."

Akina mama walishika vifua. Mmoja aliita jina la Yesu, kwa chini.

Syombua hakumwonea huruma, hapana. Moyo wake ulikuwa mgumu kama punje ambazo hazijaona maji. Lakini alikuwa ameuliza swali na amejibiwa, na jibu lilikuwa la kweli. Nyanya yake hakumfundisha kwamba mtu wa katikati ni lazima umpende.

"Haya," alisema.

Mkono ukashuka. Mlio wa kwanza ulikuwa mzito, ukapita ardhini, ukapanda kwa miguu ya watu. Wa pili ukaufuata, na wa tatu. Syombua alipiga akimtazama Ndanu machoni, na Ndanu alimtazama yeye bila kupepesa, midomo ameikaza, mgongo wima. Jasho likaanza kumtoka chini ya leso. Halafu bega lake moja likashtuka, likatulia, likashtuka tena, na mkoba ukateleza magotini, ukafunguka chini, vitu vyake vikamwagika kwenye vumbi, na katika wote waliosimama pale hakuna aliyeinama kuviokota.