Uso Uliobaki Ukutani

Eithne aliichora milima ya kwao Kerry hadi milima ikamchoka. Mvua ikinyesha, na mvua ya kule haina adabu, aliingia ndani akachora vyumba: meza, dirisha, kiti cha mama yake kando ya moto. Watu hakuwachora. Mama alimtania miaka yote.

"Kiti changu wanakijua hadi Dublin. Mimi je? Au sura yangu itakuvunjia brashi?"

"Kesho, Mama."

Kesho hiyo ikapigwa kalenda mpaka bi mkubwa akaanza kukohoa damu. Ndipo Eithne aliposhtuka, akamketisha kitini akamchora, mwili kwanza, uso mwisho. Uso ukagoma kabisa. Asubuhi moja mama alimgombeza kwamba chai imepoa, mdomo ukapinda kwa kicheko alichokizuia, na Eithne akaudaka palepale kwa brashi. Alilia kwa furaha. Kabla ya adhuhuri mama akafariki.

Akaenda kumwita padri. Majirani wakaingia kuiandaa nyumba kwa msiba kama desturi: saa wakaisimamisha, kioo wakakifunika, picha wakazigeuza zitazame ukuta, roho ya marehemu isije ikajiona ikashindwa kuondoka. Mama Gobnait, jirani wa karibu, akaiona na ile mpya. Akaibeba kwa heshima zote, akaiegemeza, uso ukutani. Rangi ya mafuta huchukua majuma kukauka. Angejuaje, maskini?

Eithne aliporudi akauliza, "Picha ya mama iko wapi?"

"Nimeigeuza, mwanangu. Imefanana naye mno, nikaogopa asije akang'ang'ania kubaki."

Eithne akaigeuza. Mikono ipo, kikombe kipo. Palipokuwa na uso, tope la rangi tupu. Kwenye chokaa ya ukuta, doa.

"Yesu na Maria!" Mama Gobnait akajipiga kifua. "Mchore tena, basi. Si huyo hapo amelala?"

Eithne akamtazama mama kitandani. Mdomo umenyooka, umetulia, hauna la kusema kuhusu chai. Huyo Eithne hakumjua. Jamani, iliuma!

Ilipokaribia Pasaka, nyumba zote zikipakwa chokaa upya, Mama Gobnait alikuja na ndoo na brashi yake pana, macho chini.

"Niache nikupakie, mwanangu. Angalau nilifute lile doa."

Eithne akasimama mbele ya ukuta, mgongo umeugusa, mikono ameitandaza.

"Paka kote, Mama Gobnait. Hapa usipake. Hapa yupo mama."