Tenga la Simu Zisizofika

Kabla ya chai ya asubuhi, mpimaji wa mtandao alikuwa ameshamaliza orofa zote za hoteli. Kazi yake ni kutembea polepole, simu mkononi, akiacha rangi kwenye ramani ya jengo: kijani mawimbi yanapofika vizuri, njano yanapochechemea, nyekundu yanapokufa. Antena moja tu ilibaki haijapangiwa mahali. Ramani ilianzia mapokezi, na wapimaji huanzia pale ramani inapoanzia. Asingeshuka chini ya ardhi kamwe, lau simu moja, si chombo bali mwito wenyewe uliopigwa, isingempita miguuni.

Ilikuwa nyeupe, ya ukubwa wa yai, ina joto. Ilibingiria kutoka mlangoni, ikavuka zulia, ikashuka ngazi za wafanyakazi. Akaifuata.

Chini kulikuwa na chumba cha kufulia. Simu ile iligonga zege nene la ukuta, ikasimama juu ya wenzake. Zilikuwa zimerundikana hadi magotini, zikinong'ona. Wafuaji walizikwepa na mashuka yao mikononi.

"Baba, umepoteza pete?" aliuliza mama mpiga pasi. "Unatembea kama unachunga sisimizi."

"Napima mtandao, mama."

"Basi hapa utapumzika. Haupo."

Alimweleza bila kuweka pasi chini. Simu wanazopigiwa wafuaji huishia hapo, zege huzizuia zisiwafikie. Wakati wa chakula huzizoa kwa tenga, wakapanda nazo uani, na huko kila moja hupasuka ikamlilia mwenyewe. Ikiwahi, unamsikia aliyepiga. Ikipoa, ni bubu.

"Simu ya mwisho ya marehemu mume wangu ilipoa," alisema, akageuza foronya. "Leo binti yangu yuko leba, uzazi wa kwanza, na zamu haina ruhusa. Ndiyo maana naikodolea macho ngazi kama paka mbele ya tundu."

Mpimaji alisisimka mpaka vidoleni. Miaka yote alikuwa akipima kitu asichokiona. Leo kilikuwa kimelala miguuni pake, kikimwonyesha mahali penyewe pa kuweka antena. Alipanda mbio, akarudi nayo begani, akapitisha waya kwenye tundu la bomba la mvuke, akaining'iniza juu ya mashine.

"Washa basi, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akawasha. Simu zote zenye joto ziliruka kama bisi chunguni, zikawafikia wenyewe, na kila mfuko wa aproni ukalia. Wafuaji walipokea kwa mpigo mmoja, wakishindana kwa sauti na mashine: huyu anamfokea fundi wa paa, yule anacheka mpaka machozi. Mama mpiga pasi aliishika yake kwa mikono miwili.

"Sukuma, mwanangu. Kelele ziache, sukuma. Niko hapa."

Wafuaji wakamsogelea, mashine zikaendelea. Kisha kilio kidogo, kikali, kikatoka kwenye ile simu na kujaa mpaka darini.

"Dume," alitangaza. "Na limekuja na hasira za babu yake."

Vigelegele vikapigwa. Mpimaji alijikuta akicheza, amekumbatia furushi la taulo.

Meneja alishuka kuona kuna nini. Aliitazama antena.

"Inafanya kazi?"

"Ajabu, bosi. Mahali pake ni hapa."

"Kaipandishe ukumbi wa mikutano."

"Kule ni kijani kitupu. Mtandao umejaa."

"Ujae zaidi. Wageni hawalali kwenye sabuni."

"Bosi, hawa nao wana watu wao."

"Ndiyo maana wana tenga," alisema meneja, akapanda zake.

Antena ikazimwa mama mpiga pasi akiwa bado anaongea, na simu ikakatika katikati ya jina la mtoto. Punde nusu iliyobaki ya jina ikaja ikibingiria ngazini, ikatulia kando ya kiatu chake. Aliomba kwenda juu nayo. Akaambiwa angoje wakati wa chakula. Akaifunga ndani ya foronya iliyotoka kwenye pasi muda huohuo, akaitia kifuani, akaendelea na mashuka.

Mpimaji alishinda ukumbini juu ya ngazi, akikaza skrubu juu ya viti vitupu.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Wiki hiyohiyo aliwanunulia wafuaji tenga jipya, kubwa zaidi, lenye magurudumu.