Uso wa Bi Zeyana

"Kidevu juu kidogo, Bi Zeyana. Hapo hapo! Usipumue."

"Nisipopumua, mwanangu, Makka nitafika vipi?"

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele uani wakaangua kicheko, na Ashatu mwenyewe ikambidi auondoe mkono kwenye kamera, maana mpiga picha akicheka na picha hucheka naye. Akasubiri mabega yake yatulie. Bi Zeyana, mjane wa marehemu Mbaruk aliyekuwa na duka la nguo, alikaa kitini mbele ya mgomba, buibui amelivua, mtandio mweupe kichwani. Mikono alikuwa ameiinua mbele, chini ya kidevu, ameshika ncha za mtandio kwa vidole vyenye hina, kana kwamba upepo una nia mbaya naye.

"Haya sasa. Bismillahi," akasema Ashatu, na kamera ikalia ta!

Kamera yenyewe ilikuwa na historia yake. Mwinyijuma, mumewe Ashatu, alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja katika mashamba ya mkonge. Mgiriki alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia mpishi wake kamera iliyovunjika jicho, kwa sababu kutupa aliona uvivu. Ikakaa juu ya kabati ikila vumbi hadi siku Ashatu alipoona mnadani, katikati ya vikombe visivyo na mikono, kijicho cha kioo chenye pete ya kuzungusha. Dalali hakujua anauza nini. Mwanamke aliyesimama karibu alidhani ni kinu cha kusagia pilipili, akakizungusha zungusha, akakirudisha. Ashatu akakipata kwa bei ya sufuria kuukuu, seremala akakifunga kwenye kamera kwa kibao na skrubu, na hapo ndipo shida na raha zikaanza pamoja.

Jicho lile halikujua kutazama lenyewe. Uizungushe pete huku, cha karibu kinaonekana. Uizungushe kule, cha mbali kinaonekana. Namba zilizokuwa pembeni zilikuwa zimefutika, na Ashatu aliharibu filamu nyingi akibahatisha, Mwinyijuma akinuna kila mara, mpaka siku moja akagundua kipimo chake mwenyewe. Alitia alama kwenye pete kwa ncha ya msumari. Pete ikikaa kwenye alama, na jicho la mteja likiwa mbali na kamera kwa urefu wa kanga moja, ncha kwa ncha, basi picha hutoka na kope zake zote. Alikuwa na kanga yake maalumu kwa kazi hiyo, kuukuu, imefuliwa hadi maua yake hayajulikani.

Nyuma ya mteja, lakini, kila kitu kiligeuka ukungu. Loo, ugomvi ulioletwa na ukungu ule! Bi Khairiya alikuja na redio yake mpya ili ionekane ubavuni, na picha ilipotoka yeye amependeza kama bibi harusi, redio imekuwa kama tita la mihogo. Alinuna wiki nzima. Kisha akaitazama tena ile picha, akautazama uso wake, akaleta mabinti zake wote. Na sababu nyingine ya wanawake kuja kwake ilikuwa nyepesi kuliko hiyo: kwa Ashatu, anayekutazama ni mwanamke mwenzio. Kule kwenye duka la picha la Bwana Hija ungevua buibui mbele ya mwanamume, naye akushike kidevu akugeuze. Bi Zeyana hakuwa mtu wa kushikwa kidevu.

Na mwaka huo Bi Zeyana alikuwa anakwenda kuhiji. Mwanawe, Mahfoudh, atakayefuatana naye, alikuwa tayari na kila kitu. Kilichobaki ni picha ya mama ya kutiwa kwenye pasi ya safari. Karani wa ofisi ya pasi alikwisha kuikataa moja, ati kuna kivuli shavuni, na makaratasi ya mahujaji yalikuwa yapelekwe Dar es Salaam kesho alfajiri. Picha isipofika mezani kwake leo kabla ofisi haijafungwa, Bi Zeyana angengoja mwaka mwingine. Naye miaka mingine hakuwa akiihesabia. Magoti yalikuwa yanamwambia ukweli kila akiinuka kwenye msala. Kitanda chake cha samadari alikwisha kukiuza apate nauli, akawa analala chini kwenye godoro, akisema mtu wa safari hahitaji miguu minne chini yake.

Ndiyo maana asubuhi ile alikuja na kitu mkononi. Kanga mpya, bado ina harufu ya duka. "Leo tupimie hii," alisema. "Nimeinunua kwa ajili ya safari. Tuianze kwa kheri." Ile kuukuu ilikuwa pale pale kwenye kamba. Lakini utamwambiaje mtu mzima kwamba kanga yake ya Makka huitaki? Ashatu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapima nayo.

Bi Zeyana alipokwisha kwenda kwake kupumzika, Ashatu alijifungia stoo, akaziba mlango kwa kaniki, akafanya kazi yake gizani kwa vidole. Adhuhuri ilipoadhiniwa, akatoka na karatasi mbichi inayochuruzika, wifi yake Zuleha akaipokea na kuiinua kwenye mwanga.

Zuleha akaisogeza hadi ikakaribia kugusa pua. 

"Wifi," akasema mwishowe, "mbona iliyokwenda hija ni mikono tu?"

Kweli. Vidole vya Bi Zeyana vilionekana kila mkunjo, hata hina iliyoanza kufifia kwenye kucha. Juu yake, mahali pa uso, palikuwa na ukungu mweupe wenye matundu mawili ya macho. Ashatu alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Aliona aibu, aliona hofu, alitaka kulia. Mtu kauza kitanda chake, na yeye kamgeuza moshi!

"Pete uliiweka kwenye alama?"

"Niliiweka! Na nikapima, wewe mwenyewe ulinishikia ncha."

"Nilishika," akasema Zuleha. Akaiendea kanga mpya, akaikung'uta, akaitandika juu ya ile kuukuu ili azikunje pamoja. Akasita. "Ebo! Hebu njoo uone."

Kanga mpya ilikuwa imepita ile kuukuu kwa upana wa kiganja kizima. Wakatazamana. Mwanamke gani wa pwani asiyejua kwamba kanga ya dukani imejaa wanga, na ikiingia maji mara ya kwanza hurudi? Ashatu alilijua hilo tangu hajavaa kanga. Aliwakemea wasichana wanaoshona pindo kabla ya kufua. Na leo, kwa heshima na haraka, amemketisha bibi wa watu kiganja kizima nyuma ya kipimo, jicho la kamera likashika mikono, uso likaupita.

Zuleha ndiye aliyeanza kucheka. Ashatu akamwambia anyamaze, kisha naye akashindwa, wakacheka mpaka wakashikana.

"Mkimbilie," akasema Ashatu akifuta macho. "Mwambie aje na mtandio ule ule. Filamu imebaki kipande kimoja, nikikosea tena basi." Kipande kingine hakikupatikana. Filamu, sukari, mafuta ya taa, vyote mwaka ule vilikuwa na tabia moja: merikebu ikija bei inapanda, merikebu ikiondoka bei haishuki.

Bi Zeyana aliitwa katikati ya chakula, akaja bado anatafuna. Alipoonyeshwa picha, aliitazama kwa makini.

"Mikono mizuri," akasema. "Lakini sidhani kama watu wa bandarini watanisalimia mikono."

"Nisamehe, bibi. Kosa langu. Kanga..."

"Kanga niliileta mimi. Tugawane kosa, kila mtu achukue lake, tukae. Jua linakwenda."

Safari hii ilipimwa kwa kanga kuukuu, ncha kwenye kamera, ncha kwenye jicho la kulia la Bi Zeyana, Zuleha akiivuta isilegee. Ashatu akaigusa alama ya msumari kwa ukucha. Akapima mara ya pili. Akajisemea kimoyomoyo, Yarabi, usiniaibishe. Bi Zeyana, aliyekwisha kuelewa kwamba hakuna kipande kingine, mara hii hakutania. Aliinua kidevu mwenyewe.

Ta.

Picha ilipotoka, wote watatu wakaiinamia. Macho ya Bi Zeyana yalikuwa yanatazama, yanatazama hasa, na kope zake zilihesabika. Mikunjo ya uso ilikuwa mahali pake. Mgomba wa nyuma ulikuwa mwanga tu.

"Kumbe nimefanana na mama," akasema Bi Zeyana polepole. "Mama hakuwahi kupigwa picha. Nimekaa miaka yote nikidhani nimemsahau sura." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio, akacheka. "Haya, nivisheni buibui, mnipe na kanga yangu. Twende kwa huyo bwana."

Zuleha akapepea picha kwa pepeo la jikoni hadi ikakauka, kisha yeye na Ashatu wakafuatana na Bi Zeyana mpaka ofisini.

Karani alikuwa kijana wa kijijini Miono, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mjini ilijulikana kwamba yeye na Bwana Hija wanakula sahani moja. Aliichukua picha, akaigeuza, akaisogeza mbali.

"Nyuma hakuonekani kitu."

"Nyuma kulikuwa na mgomba," akasema Ashatu. "Anayesafiri ni bibi."

"Na kichwa kimefunikwa. Mkubwa hapendi."

Bi Zeyana aliinua kidole kutoka ndani ya buibui, akaelekeza ukutani juu ya kichwa cha karani, ilikotundikwa picha kubwa ya Malkia wa Uingereza. "Na bibi yule je? Mbona naye kafunika?"

"Lile ni taji, mama."

"Na huu ni mtandio. Kila mtu na chake."

Mzee aliyekuwa akingoja benchini akakohoa ili asicheke. Karani akaisukuma picha pembeni. "Nendeni kwa Bwana Hija. Yeye anajua zinavyotakiwa."

"Mimi kwa Bwana Hija siendi," akasema Bi Zeyana, bila hasira. "Nimekuja kwako, na uso wangu huo hapo. Mwenye haja ndiye huinama, basi nami nimeinama." Akatandika kanga yake mpya sakafuni, pale pale mbele ya meza, akakaa, akatoa tasbihi.

Zuleha hakuhitaji kutumwa, akatoka. Habari ikapita uani kwa uani, na haukupita muda mabibi wa mtaa wakaanza kufika kukaa kitako na mwenzao. Wa kwanza akapiga hodi. Karani, kalamu mkononi, akamtazama. Uzungu wote ulikuwa kwenye shati, moyoni alikuwa mtoto wa Miono, na mtoto wa Miono hamwoni mtu mzima akaendelea kukaa. Akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazima huko? Mama hajambo? Na yule ndugu yako aliyevunjika mguu?"

"Hajambo, bibi. Amepona."

"Alhamdulillahi. Na mavuno?"

Alipoketi tu, hodi nyingine. Akasimama. Shikamoo. Marahaba. Mama hajambo? Akaketi, hodi. Walikuja mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa na haraka, na kila mmoja alitaka habari za mguu ule upya. Karani hakuweza kuandika hata mstari mmoja. Jasho likalowesha kola. Mabibi wakakaa safu kwa safu, wakigawana vitumbua, wakimkaribisha naye, na yeye kwa adabu akawa hana budi kula. Hapakuwa na kelele wala matusi. Ungeingia ungedhani ni maulidi.

Hatimaye akavuta picha, akaitazama kwa muda mrefu, safari hii akiitazama kweli. Kisha akagonga mhuri, na akaliandika kwenye orodha jina la Bi Zeyana, mjane wa Mbaruk.

Vigelegele vilivyopigwa mle ndani vilimtoa askari nje mbio. Bi Zeyana alibusu picha, akairudisha mezani, akainuliwa na wenzake, magoti yakilia, akasema, "Mwanangu, nitakuombea Arafa, wewe na yule wa mguu." Karani mwenyewe akatabasamu bila kupenda. Mabibi wakaanza kuvaa viatu. Ashatu alikuwa mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Wewe, mpiga picha," karani akamwita. Alikuwa anatazama meza. "Leseni unayo?"

"Leseni ya nini, bwana?"

"Ya kupiga watu picha. Kuanzia Jumatatu, bila leseni, nyumbani kwako isipigwe picha hata ya paka. Si mimi. Ndivyo ilivyo."

"Leseni inatakiwa nini?"

Karani akanung'unika. "Maombi. Na picha ya mwombaji. Iliyopigwa na mwenye leseni."

"Mwenye leseni ni nani mjini?"

Karani akarudisha kalamu mfukoni.  Wote mle ndani walijua mwenye leseni ni Bwana Hija peke yake.

Furaha ikakatika kama uzi. Ashatu alisimama akiitazama meza ile, mhuri juu yake, Malkia juu ya mhuri. Angeweza kusema mengi. Alikuwa na hasira ya kutosha kuyasema yote. Lakini alivua viatu vyake, akaviweka pamoja ukutani, akaketi sakafuni mbele ya meza na miguu ameikunja.

Bi Zeyana alikwisha kufika mlangoni, safari yake imekwisha kuandikwa, na nje Mahfoudh alikuwa amemletea punda. Aligeuka. Alimtazama Ashatu, akamtazama karani, akashusha pumzi kwa kuyahurumia magoti yake.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema, na akarudi kukaa.