Ruhusa ya Kusoma Kila Herufi

Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba tena, na mfasiri alishachoka kubembeleza. Alikuwa amepata kiprogramu kidogo: unaandika herufi tatu tu, chenyewe kinamalizia aya nzima ya mkataba. Bila hicho, daktari alimwambia wazi, atafute kazi nyingine. Kilibaki kukipa ruhusa kwenye ukurasa wa ufikivu, pale kompyuta inapoorodhesha programu zinazoruhusiwa kusoma kila kinachoandikwa, na ukurasa wenyewe ulifunguka kwa nywila ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi aliyeiandaa kompyuta ile kisha akajifanya mwenye mali.

Wiki nzima shemeji alimpiga chenga. Leo alikuja, akakalia kiti chake bila kuuliza, akaanza kuhubiri.

"Shemeji, mimi nakuonya tu. Ukikiruhusu hicho, kitaona kila unachobonyeza. Barua, nywila, siri zako zote. Unamwachiaje mtu usiyemjua?"

"Mkono wangu, siri zangu. Weka nywila."

Akaiweka kwa mbwembwe, kama anatoa sadaka. Hodari wa kuonya wenzake, kumbe kasahau kwamba orodha ya waliopewa ruhusa ni moja, haimfichi mtu. Kiprogramu cha mfasiri kilikuwa chini, kimezimwa. Juu yake kulikuwa na kingine asichokijua, kimewashwa.

"Na hiki?"

Shemeji akaufunga ukurasa haraka. Mfasiri akampokonya kipanya, akaufungua tena. Hasira zilimpanda mpaka maumivu akayasahau. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana mama mkwe alijua kwamba anatafuta nyumba ya kupanga peke yake, jambo alilomwandikia dada yake tu. Na dada wa watu, tumbo moja, mfasiri alikuwa amemwita mmbea, akamnunia, hata salamu wakanyimana.

"Nani alikutuma?"

"Kaka. Alikuwa na wasiwasi na wewe tu, shemeji. Mama akaambiwa kwa bahati mbaya."

"Wasiwasi," mfasiri alisema. "Toka kwenye kiti changu."

Akakizima cha juu, akakifuta, akawasha cha kwake. Kisha akaandika, shemeji akiwa amesimama palepale: *Dada, nilikuonea. Nisamehe. Ile nyumba naichukua, nakuja leo.*

Akamgeuzia kioo cha kompyuta asome vizuri.

"Kamwambie kakako," alisema. "Barua hii nimemruhusu aisome."