Vumbi la Tabaka

Jumatatu moja ya mwaka 1969, Nyanchera alikuwa ameketi uani kwake kijijini Tabaka akisugua bakuli la jiwe kwa msasa ndani ya karai la maji. Mumewe, Ratemo, alirudi mapema kutoka shimoni, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Alitaka kusema jambo. Akakohoa, akangoja, akakohoa tena, kisha akaliacha jambo lenyewe akaingia ndani kulala.

Shimo lilikuwa la Nehemiah, mfanyabiashara aliyepeleka vinyago Nairobi. Huko chini wanaume walikata kwa msumeno mawe ya kuchongea, na vumbi lililotoka lilikuwa laini kama poda ya mtoto mchanga. Mtu hakulisikia likimwingia kifuani. Nehemiah alikuwa ameweka mapipa ya maji ya kulowesha mawe yanapokatwa, lakini mapipa yalijaa pale tu alipokumbuka.

Zamani Ratemo alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinanda kikubwa cha nyuzi nane, na kwenye harusi alipiga na kuimba hadi wachezaji wenyewe wakaomba kupumzika. Sasa obokano ilining'inia ukutani. Hakuna anayeweza kuimba kwa pumzi ya kuazima.

Siku ya soko Nyanchera alipeleka bakuli zake Kisii mjini. Mteja wake mmoja alikuwa Mama Kusum, Mhindi mjane mwenye duka la vitambaa. Alipomwona Nyanchera amenyong'onyea alimuuliza kuna nini, na aliposikia habari za kifua cha Ratemo akatandika mkeka nyuma ya kaunta.

"Kaa hapa. Mgongo sawa, miguu kunja," akasema. "Vuta pole pole. Tumbo kwanza, kifua baadaye. Sasa toa na sauti."

"Hii inaitwaje, mama?"

"Yoga. Mama yangu alinifundisha. Fanya na bwana yako."

Mama Kusum alivuma kwa mdomo uliofungwa, na Nyanchera akasikia ndani ya mvumo ule uzi mnene wa obokano.

Jioni alimkalisha Ratemo kwenye mkeka, akamshushia obokano. Ratemo alipiga ule uzi mnene, akavuta pumzi, akaitoa pamoja na sauti ya uzi. Vumbi likamtoka mdomoni, la rangi ya waridi, likatua mkekani. Kabla uzi haujanyamaza, vumbi lilikuwa limeshikana likawa jiwe la ukubwa wa kiazi.

"Weka kando," Ratemo akasema. "Mtu asije akajikwaa."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwa muda mrefu kufika mwisho.

Jumapili iliyofuata alikuja Mogire, aliyeshika upande wa pili wa msumeno wa Ratemo, pamoja na mkewe Bochaberi. Kisha wakaja wengine. Walikaa uani baada ya misa, migongo imenyooka. Ratemo akapiga, wote wakavuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja. Mawe yaliyowatoka yalikuwa meupe, ya waridi, mengine yana mishipa ya kahawia. Padri aliposikia alikuja kuuliza kama kuna jina la mungu au pepo wanaloliita wanapopumua. Wakamwambia hakuna. Akamtazama Mogire akitoa jiwe lake, akasema ni vyema, ila wasichelewe rozari.

Kijiji kikabadilika. Wanaume walilala usiku mzima, kwa hiyo wake zao nao wakalala. Bochaberi alisema Mogire ameacha kugombana na ndugu yake juu ya mpaka wa migomba, maana hasira yake yote ilikuwa ni kukosa hewa. Ratemo akaanza kuimba tena.

Nehemiah alikuwa Msabato, kwa hiyo Jumapili alikuwa na nafasi. Alikuja na pikapu yake, akasimama uani hadi wimbo ukaisha. Akaokota jiwe moja, akalikwaruza kwa ukucha.

"Hii ni safi kuliko ya chini," akasema. "Haina ufa."

"Imetoka kwa kifua cha mtu," Nyanchera akamwambia.

"Na kwa kifua iliingia ikitoka wapi, Mama? Si kwa shimo langu?"

 Mawe yakapakiwa kwenye pikapu.

Kesho yake mapipa ya maji yaliondolewa shimoni. Nyanchera alimfuata Nehemiah hadi barabarani.

"Omogaka, mzee wetu, warudishie watu maji."

"Maji ya nini? Si siku hizi vumbi mnalitoa wenyewe?" Nehemiah alimjibu kwa upole, kama anayempongeza. "Mmenisaidia sana. Zamani mtu akikohoa namwachisha kazi. Sasa hakuna wa kuachishwa."

Nyanchera alikwenda Kisii kumwomba Mama Kusum shauri. Alimkuta akifunga masanduku; alikuwa amenyimwa leseni ya biashara kama Wahindi wengine wasio raia, na ndugu yake alikuwa akimngoja Uingereza.

"Kupumua nimekufundisha," Mama Kusum akasema. "Ya huyo mwenye shimo siwezi. Hata ya duka langu nimeshindwa."

Alimpa ule mkeka, wakaagana.

Shimo lilichimbwa chini zaidi. Jumapili moja haikutosha tena, wakawa wanakutana kila jioni, na mawe yakawa makubwa, mtu anayatoa huku machozi yanamtoka. Ratemo aliacha kuimba ili abaki na pumzi ya kupumua. Jioni moja ya msimu wa mvua alipiga uzi mnene, akatoa pumzi, na likatoka jiwe jeupe tupu, jepesi, lenye joto. Nyanchera alingoja avute nyingine. Hakuvuta.

Walimzika kando ya migomba. Nehemiah alileta sukari na majani ya chai, akasema maneno mazuri kuhusu bidii ya marehemu. Watu walipoanza kutawanyika alimwendea Nyanchera.

"Nasikia kuna jiwe moja nyeupe."

"Hilo ni Ratemo."

"Najua, Mama. Pole sana." Alinyoosha mkono, akaendelea kuunyoosha. Mogire na wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake, wameshika makoleo, wakitazama chini, kwa sababu kesho ilikuwa siku ya kazi. Nyanchera akaenda ndani akalileta.

Jioni ya pili wanaume walikuja uani kama kawaida, wamejaa vumbi, wakakaa wakinyoosha migongo. Obokano haikuwa na mwenyewe, na hakukuwa na mwanamke aliyewahi kuonekana akiipiga. Nyanchera aliiegemeza gotini, akautafuta uzi mnene. Wanaume wakamwachia. Walihitaji hewa yao. Mogire alifumba macho akafungua mdomo.

Langoni, dereva wa pikapu ya Nehemiah, aliyekuwa akingoja mawe, alipiga honi akawaomba waharakishe, maana mvua ilikuwa ikija na barabara ya Tabaka inateleza.