Joto la Mwokaji

Siku mwokaji mikate alipostaafu, alikabidhi funguo, aproni na lile koleo refu la mti la kutolea mikate. Joto hakulikabidhi kwa mtu, maana hakujua kwamba nalo lilikuwa mali ya kazini. Tangu ujana wake alikuwa amesimama mbele ya mdomo wa oveni. Sasa alikaa jikoni kwake, sweta mbili mwilini na kofia ya sufu kichwani, akiyalaumu madirisha.

Mkewe, fundi mapazia, alizisikiliza lawama hizo bila wasiwasi. Katika ndoa yao alikuwa amemsoma akammaliza: mzee huyu alilalamika alipokuwa na raha zake. Chai imezidi sukari, mto mgumu, redio inapiga kelele, basi mambo shwari. Hatari ilikuwa aanze kushukuru.

Mvua ziliposhika, akaanza kushukuru.

"Asante kwa blanketi, mama watoto. Linatosha kabisa," alisema, meno yakigongana.

Haukupita muda akatoa lililokuwa moyoni. Dada yake aliishi kule tambarare, kwenye joto, ambako watu hulala bila kujifunika. Alikuwa na chumba kitupu. Angeenda kukaa huko hadi baridi ipite.

"Na baridi ya hapa hupita lini?" mkewe akauliza.

Mwokaji aligeuza kikombe mikononi. Baridi ya mji ule haikuwa na msimu, na wote wawili walijua. Mkewe naye hakuwa wa kuhama: duka lake la mapazia lilikuwa hapohapo chini ya nyumba, na cherehani zake na wateja aliowashonea tangu wakiwa maharusi. Kwa hiyo safari hiyo ya kusubiri baridi ipite ilikuwa na jina jingine, ila hakuna aliyelitamka.

Fundi mapazia hakulia. Alikaa akafikiri, na alichokumbuka ni goti. Zamani kidogo daktari alikuwa amemtuma mumewe kwenye bwawa la kuogelea la mji kwa ajili ya goti lake, na huko kulikuwa na sauna: chumba cha mbao chenye mawe ya moto, mtu anakaa humo mpaka jasho limtoke. Siku hiyo mwokaji alirudi akinung'unika njia nzima. Benchi gumu, kuna bwana anakoroma, maji ya kujimwagia ni barafu tupu. Mkewe hakuwa amemwona na furaha kama ile kwa muda mrefu. Halafu bwawa likafungwa kwa matengenezo, na matengenezo yakawa ya kudumu.

Karibu na bafu kulikuwa na ghala lake la vitambaa. Akalihamisha lote. Majora yakaingia chini ya kitanda, yakapanda juu ya kabati, yakajipanga ukumbini hadi watu wa nyumba wakawa wanapita ubavu kama kaa. Seremala akaja akajaza ukutani sufu ya kuzuia joto lisitoke, akatandaza karatasi ya kung'aa, akapigilia mbao, akaunda mabenchi mawili, la juu na la chini, na kuacha kidirisha cha kioo kinachotazama ukumbini. Ikabaki hita.

Hita ilikuwa jambo la binti yao, fundi umeme aliyefanya kazi mji wa pili. Baba yake alimwita Fyuzi tangu utotoni, kwa namna alivyokuwa akilipuka. Ukubwani alitulia, akawa mtu wa hesabu, lakini jina lilishaganda.

"Mama, kabla hujanunua chochote, chumba kina ukubwa gani?" aliuliza kwenye simu.

"Kidogo."

"Kidogo si kipimo."

"Haya, shika kalamu. Urefu mita mbili na sentimita kumi. Upana, mita moja na tisini. Kwenda juu, mbili na thelathini."

"Umepima mwenyewe?"

"Sasa angenipimia nani, jirani?"

Fyuzi alicheka. Hakukuwa na pazia la mama yake lililowahi kurudishwa dukani kwa kupelea. "Kioo je?"

"Cha kuchungulia tu. Kama nusu mita ya mraba."

"Kioo kinakula joto, lazima kihesabiwe. Ukikijumlisha, unakaribia mita kumi za ujazo. Kwa kuanzia, kila mita ya ujazo unaipa kilowati moja, halafu unaangalia hita yenyewe imeandikiwa vyumba vya kiasi gani. Ya kilowati sita mwisho wake ni mita nane. Kwenu itawaka kutwa nzima isifike popote. Chukua ya tisa."

Muuza hita alipopewa vipimo hivyohivyo alisema vilevile, akaongeza kwamba anapenda wateja wanaojua wanachotaka. Jumamosi Fyuzi akaja na waya wa hita.

"Huo waya au bomba la maji?" baba yake aliuliza.

"Kilowati tisa si balbu, Baba."

Alipitisha waya, akafunga breka ya peke yake kwenye boksi la umeme, akapanga mawe juu ya hita moja moja, akiacha mianya ya hewa. Jioni wakawasha.

Hewa ilipanda upesi ajabu. Hata taulo halijatafutwa, kipimajoto kilikuwa kimefika juu. Mwokaji akaingia na ndoo na kata yake. Mama na binti wakabaki ukumbini, pua kwenye kioo, katikati ya majora.

Kidhibiti joto kikalia *tik*, hita ikajizima. Mwokaji akateka maji akayamwaga juu ya mawe. Yakafuka kidogo, kisha yakapita katikati ya mawe na kuchuruzika chini sakafuni. Akamwaga tena. Yakachuruzika tena. Akashika masikio yake, akatazama miguu yake, akatoka.

"Asanteni sana," alisema. "Joto ni zuri. Mmefanya kazi nzuri sana."

Fundi mapazia alitafuta lawama ndani ya maneno hayo, hakuipata.

"Baba, acha adabu," Fyuzi alisema. "Nipe maelezo. Kumetokea nini humo ndani?"

Mwokaji akasitasita, lakini swali lilikuwa la kazi na kazi aliijua. "Ni kama oveni iliyoharakishwa. Hewa imewaka, mawe bado yamelala. Ungetia mkate humo ungebabuka ngozi, na tumboni unga mbichi. Masikio yanaungua, vidole vya miguu vinaniuliza nimevileta wapi."

"Hiyo ni dalili ya hita iliyozidi chumba," Fyuzi alisema taratibu. "Hewa inapata moto haraka, kidhibiti kinaona kazi imekwisha kinakata umeme, na mawe hayajapata muda wa kushika joto. Lakini haiwezekani. Hesabu nimeifanya mwenyewe."

Akairudia hapohapo, amekaa juu ya jora la hariri. Ikatoka ileile. Akapandisha kidhibiti, mawe yakapata joto kidogo zaidi na masikio ya baba yake yakapata zaidi sana. Jumapili alirudi kazini amekunja uso, kama mtu aliyeacha mlango bila kufunga asikumbuke ni upi.

Siku iliyofuata fundi mapazia, akiwa dukani, alisikia sauti ya mumewe ikishuka ngazini. Alikuwa anaongea na simu.

"Ndiyo, dada. Jumamosi. Hapana, sibebi vitu vingi."

Baadaye mke akamsaidia kushusha sanduku kutoka juu ya kabati, kwa kuwa lilikuwa limezibwa na majora.

"Asante, mama watoto," mumewe akasema.

"Msalimie wifi," akajibu, akarudi chini kwenye cherehani.

Hapo palikuwa na kitambaa cha taulo alichokuwa amekikata siku aliyopima chumba. Kilikuwa kitandiko cha benchi la juu, ukuta hadi ukuta, maana mbao zikishika joto hazifai kukaliwa wazi. Anayesafiri na asafiri. Nguo iliyokwisha kukatwa haiachwi ikafumuka nyuzi. Akakunja pindo huku, akakunja pindo kule, akashona, akapanda nayo juu.

Aliitandaza kwenye benchi. Mwisho mmoja uligusa ubao wa kushoto, mwisho wa pili ukagusa ubao wa kulia. Sawasawa kabisa. Akatikisa kichwa kuridhika, kama afanyavyo kila pazia likikaa, na kichwa kikagoma katikati ya mtikisiko.

Kitambaa kile alikikata mita mbili na kumi. Mapindo yalikwisha kula kiganja, sentimita kumi, kila mwisho. Kama kilichobaki kinafika ukuta hadi ukuta, basi ukuta hadi ukuta si mita mbili na kumi.

Akavua futi shingoni akapima. Mita moja na tisini. Akapima upana: moja na sabini. Akapanda benchi akapima kwenda juu: mbili na kumi.

Maisha yake yote ya kazi hakuwa ametaja ukubwa wa dirisha hata mara moja. Alichotaja kilikuwa kitambaa. Futi ikigusa fremu, mdomo ulikuwa umeshaongeza kiganja huku na kiganja kule, bila kuulizwa. Ndivyo mapazia yake yalivyokwepa kupelea. Ndivyo pia chumba chake cha sauna kilivyopata upana ambao hakina.

Alikaa juu ya kitandiko kipya akacheka peke yake hadi machozi. Kisha akapiga simu.

"Fyuzi, chumba kimepungua."

"Vyumba havipungui, Mama."

"Nilikipa pindo."

"Ulikipa nini?"

"Pindo, mwanangu. Kiganja huku, kiganja huku. Na juu. Na chini."

"Mama! Umekishonea chumba pazia!" Fyuzi akaangua kicheko kilichosikika hata kwa mwokaji jikoni. Alipopata pumzi, akadai namba mpya, akazichapa. "Mita sita nukta nane. Pamoja na kioo, karibu saba na nusu. Hiyo ni kazi ya kilowati sita, Mama, inaenea bila kubana. Mimi nimekagua waya, breka, mawe, kila kitu isipokuwa mdomo wako."

"Mdomo huu ndio uliokufunza kuhesabu."

"Ndiyo maana sikuukagua."

Muuza hita alikunja pua kuona hita iliyokwisha kulowa maji, lakini alikuwa na mteja mwenye chumba kikubwa na haraka nyingi. Akakubali kubadilishana, kwa sharti la pazia jipya la dirisha la duka. "Hilo lipime na pindo lake," alisema, maana fundi mapazia alikuwa amemsimulia yote bila kuficha.

Ijumaa mchana Fyuzi akaomba ruhusa kazini, akaja. Waya mnene aliuacha, hauna madhara kwa hita ndogo. Breka akaibadilisha, akaweka ya kiasi cha kilowati sita. Sanduku la mwokaji lilikuwa limesimama mlangoni, limefungwa.

"Sasa kuna nini tena?" mzee aliuliza. "Kesho nina safari."

"Kesho haijafika, Baba. Kunywa chai."

Safari hii hita haikuwa na haraka. Kipimajoto kilipanda kama mzee anayepanda ngazi, na wakati wote huo hita iliendelea kuwaka, mawe yakiiva kutoka ndani. Mwokaji alikunywa chai ya pili. Akasema asante kwa chai. Mkewe akatazama pembeni.

Hatimaye akaingia, akakaa benchi la juu, akateka maji, akamwaga.

Mawe yakalia kwa sauti ambayo Fyuzi aliisikia hadi ukumbini. Hapakuchuruzika hata tone. Mvuke ukapanda, ukapinda darini, ukashuka juu ya mabega ya mzee, na kioo kikafunikwa wakawa hawaoni kitu. Fundi mapazia alishika ncha mbili za futi yake, akaivuta kama anataka kuikata.

"Nani kapigilia benchi juu hivi?" sauti ikatoka ndani. "Mnataka nivunje shingo?"

Mama na binti wakatazamana.

"Na hiki kitandiko kinawasha! Halafu kata hii, mkono wake mfupi, mtu anaungua vidole!"

"Pole, Baba!" Fyuzi aliitikia, huku amejiziba mdomo.

"Pole ya nini? Lete maji mengine! Ndoo yenyewe kama ya kuchezea mtoto. Na mwambie shangazi yako akitaka kuniona aje yeye, huko kwake kuna joto la hewa tupu, halina mawe!"

Fundi mapazia alikuwa ameshafika mlangoni. Akalaza sanduku, akalifungua, akatoa sweta moja baada ya nyingine na kuzirudisha kabatini. Kisha akachukua vipande vya hariri na pamba vilivyokosa ghala, akaanza kuvipanga humo ndani, kwa kuwa lilikuwa sanduku zuri na lisingesafiri tena.

"Na nyie mnachungulia nini hapo kwenye kioo?" mwokaji alipaza sauti. "Nyumba nzima ya mapazia, dirisha langu ndilo liko uchi?"

Mkewe akaenda na futi yake. Akapima kidirisha, mara ya kwanza kwa kioo na mara ya pili kwa kitambaa, akamtajia binti yake namba zote mbili.

"Andika zote," alisema. "Tusije tukatafutana tena."